Usiogope ile skrini nyeusi: Hivi ndivyo unakompaili programu yako ya kwanza bila kutoa hata ndururu

Saa sita usiku, kejani. Msee ameandika programu yake ya kwanza, akapiga enta akiwa na imani kabisa, alafu terminali ikamtapikia mistari kumi ya Kiingereza kigumu. Akafunga lapi, akasema hii mambo ya kuandika kodi ni ya wale walipata A ya hesabu.

Kama huyo msee ni wewe, tulia kiasi. Hiyo mashine haikukutusi. Ilikuwa inakuonyesha mahali umekosea, mstari gani na hata herufi ya ngapi. Ni vile tu hukuisoma. Leo tunaenda nayo polepole, na tukimaliza utaona kwa nini kelele ya kompaila inaweza kukuokolea doh.

Kwanza, kompaila ni nini?

Prosesa ya simu yako haijui Kiswahili, haijui Kiingereza, na hata C haijui. Inajua maagizo yake tu, ambayo ni namba tupu. Kompaila ni mtafsiri. Inachukua kodi uliyoandika (si ile ya lando), inaisoma yote, alafu inakutolea faili ingine ambayo prosesa inaweza kutekeleza. Ikikosa kuelewa sentensi moja tu, inakataa kutoa hiyo faili.

Leo tunatumia GCC. Richard Stallman aliitoa mwaka wa 1987 kama kompaila ya C ya mradi wa GNU, na mpaka leo ni ya bure. C yenyewe ilitengenezwa na Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, mwanzo wa miaka ya 70. Usidhani unaonyeshwa vitu za makumbusho: kiini cha Linux, ile iko ndani ya simu yako ya Android, sehemu kubwa imeandikwa kwa C.

Vitu unahitaji

Kama lapi yako iko na Ubuntu, fungua terminali uandike:

    sudo apt update
    sudo apt install build-essential

Ukiwa na Windows, weka WSL upate Ubuntu ndani yake, alafu amri ni hizo hizo. Huna lapi? Si noma. Weka Termux kwa simu ya Android kutoka F-Droid, alafu:

    pkg install clang nano

Clang ni kompaila ingine, lakini pale Termux ukiita gcc, inaitika. Chunga kitu moja tu: weka kazi yako ndani ya folda ya nyumbani ya Termux, sio kwa folda ya Download, juu Android haikubali programu irun kutoka huko. Bando unatumia wakati wa kuinstall tu. Baadaye zima data, kazi inaendelea.

Sasa tuandike

Tuseme wewe ni konda wa mathree ya abiria 14. Kukiwa kukavu nauli ni finje, mvua ikinyesha inapanda soo. Si unajua Nairobi. Andika `nano nauli.c`, alafu weka hii vile iko, usirekebishe kitu:

    #include <stdio.h>

    int main(void)
    {
        int abiria = 14;
        int mvua = 0;
        int nauli = 50

        if (mvua = 1)
            nauli = 100;

        printf("Tripu hii: %d\n", abiria * nauli);
        return 0;
    }

Hapo `mvua = 0` ni kusema leo hakunyeshi. Save na Ctrl+O na enta, toka na Ctrl+X. Alafu ita kompaila:

    gcc nauli.c -o nauli

Hiyo amri ni rahisi kuliko inavyokaa. `gcc` ni jina la mtafsiri. `nauli.c` ni kitu unampea atafsiri. `-o nauli` ni jina unataka faili mpya iitwe. Ukiacha hiyo `-o`, faili itaitwa a.out, na programu yako ya kesho itafuta ya leo.

Kelele ya kwanza: error

GCC itakujibu hivi (Clang inatumia maneno tofauti kidogo):

    nauli.c:9:5: error: expected ',' or ';' before 'if'

Isome kutoka kushoto. Faili ni nauli.c, mstari wa 9, herufi ya 5. Inasema ilikuwa inangoja koma au nukta-mkato kabla ya `if`. Sasa angalia mstari wa 9. Huo hauna hiyo shida! Panda juu: mstari wa 7 ndio umekosa nukta-mkato baada ya 50. Kompaila ilivuka ikiendelea kungoja, ikashtukia ikifika `if`.

Hapo kuna sheria mbili za kubeba. Moja, kama mstari umetajwa na hauoni kosa, angalia ule uko juu yake. Mbili, ukipata makosa 20, rekebisha la kwanza pekee, alafu kompaili tena. Mara mingi kosa moja linazaa yale mengine yote, na ukiling'oa yanapotea nayo.

Kimya ambayo ni hatari

Weka hiyo nukta-mkato, kompaili tena. GCC inanyamaza kabisa. Kwa terminali, kimya inamaanisha faili imetoka. Irun:

    ./nauli

Hiyo `./` inaambia terminali itafute programu kwa folda uko ndani yake. Ukiandika `nauli` pekee, utaambiwa amri haipatikani. Jibu linakuja:

    Tripu hii: 1400

Ngoja kwanza. Leo hakunyeshi. Abiria 14 kwa finje ni 700. Hiyo 1400 imetoka wapi?

Sasa fikiria mwenye gari anatumia hii programu kukagua kazi yako. Simu yake inasoma 1400, wewe mfukoni uko na 700. Utamwambia nini? Programu haikukwama, hakuna kosa lilionekana, na kazi imeenda.

Mchawi ni mstari wa 9. Kwa C, alama moja ya `=` inaweka thamani, mbili `==` zinauliza kama ni sawa. Ulitaka kuuliza "kuna mvua?" lakini umeandika "weka mvua". Programu ikaweka 1, na kwa C chochote si sifuri ni ndiyo. Kwa hivyo kwa hii programu mvua inanyesha kila siku, hata Januari.

Mwambie kompaila asikufiche kitu

GCC ingekuambia, ni vile hukuiuliza. Ongeza kitu kidogo:

    gcc -Wall nauli.c -o nauli

Sasa inafungua roho:

    nauli.c:9:9: warning: suggest parentheses around assignment used as truth value

Tafsiri ya mtaani: "Buda, hapa umeweka thamani mahali watu huuliza swali. Uko sure?" Hiyo ni warning, sio error. Faili bado inatoka, na ndio maana wengi huipuuza. (Hii moja Clang huisema hata bila kuulizwa.) Badilisha iwe `mvua == 1`, kompaili, urun. 700. Kazi yako imepona.

`-Wall` hailetei maonyo yote yaliyoko. Ukiongeza `-Wextra` unapata mengine. Zote mbili ni za bure, na hakuna siku ya kuziacha nyumbani.

Kuna kelele moja ya mwisho

Siku moja utatumia `sqrt` kutafuta kipeo, uweke `#include <math.h>` vizuri, na bado GCC ilie `undefined reference to 'sqrt'`. Hapo hujakosea sarufi. Kompaila imemaliza kutafsiri, lakini ile hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande imekosa kipande cha hesabu. Weka `-lm` mwisho wa amri, mambo inakuwa sawa.

Sasa zamu yako. Fungua nauli.c, badilisha `mvua = 0` pale mstari wa 6 iwe 1, save, alafu urun `./nauli`. Itakuambia 700 tena, na hapo ndipo wasee hukesha wakitafuta kosa lenye haliko. Ulibadilisha kodi, lakini faili unarun ni ile tafsiri ya zamani. Kompaili kwanza.