Taa ya Buluu na Mtoto Mwenye Manjano



Akina mama wengi, wakimwona mtoto mchanga amelazwa uchi chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa, hutuomba tupunguze mwanga kwa kuwa ni mkali mno. Akina baba nao huuliza kinyume chake: umeme ukiongezwa, je, mtoto hatapona upesi zaidi? Yafaa tuyaeleze yote mawili.

Manjano husababishwa na bilirubini, yaani taka inayotokea chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, hivyo taka hiyo hujikusanya. Ikizidi sana huingia ubongoni, na mtoto aweza kubaki kiziwi au mlemavu wa viungo maisha yake yote. Mwanga wa buluu hupenya ngozi na kuigeuza bilirubini, nayo hutoka kwa choo na mkojo. Aliyeligundua jambo hili ni muuguzi, Sister Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, mwaka 1956, alipoona watoto aliowatoa juani wanapungua manjano. (Huko "sister" ni cheo cha muuguzi, si lazima awe mtawa!)

Zamani tulitumia taa za mirija mirefu. Siku hizi nyingi ni za LED. Katika taa hizi mwanga hutegemea mkondo wa umeme. Volti ikipanda kidogo tu, mkondo huruka sana. Kwa hiyo taa nzuri huwa na kifaa kinachoshikilia mkondo usiyumbe, hata umeme wa jenereta ukiyumba.

Tukiongeza mkondo je? Kipande cha LED kinachopewa miliampea 350, ukikipa 700, mwanga haufiki mara mbili. Umeme mwingi zaidi hugeuka joto, na joto hupunguza mwanga na kuichakaza taa mapema. Tena LED kwa kawaida haiungui ghafla kama balbu ya zamani. Huendelea kung'aa machoni petu, kumbe nguvu yake imekwisha kupungua. Feni iliyojaa vumbi huleta hasara hiyo hiyo.

Kupunguza mwanga kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza mkondo wenyewe. Ya pili ni kuuacha mkondo ulivyo, lakini taa iwashwe na kuzimwa mamia ya mara kwa sekunde. Jicho haliuoni mwako huo, ingawa kamera ya simu pengine huonyesha mistari. Kwa fundi njia hizo ni tofauti, ila kwa mtoto zote mbili ni kupunguziwa dawa. Kipimo huamuliwa na daktari, na mwanga hupimwa kwa mashine: kwa tiba kali, angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Jicho haliwezi kupima hayo. Balbu ya LED ya nyumbani haifai kabisa kwa kazi hii.

Basi, mama, usiisogeze taa mbali, wala usiitandikie kanga ili mtoto apate kivuli. Kanga huzuia mwanga na pia hufungia joto ndani ya taa. Mnyonyeshe mara kwa mara, kisha mrudishe chini ya taa bila kukawia, akiwa na nepi na kifuniko cha macho tu.