Namna ya Kupunguza Gharama za Kamyo Zinazotuletea Chakula

Ndani ya bei ya kila mfuko wa maharagi unaoletwa kambini mna bei ya mazutu. Mazutu ya Kivu hushushwa bandarini Mombasa ao Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,500. Yakitumiwa ovyo, anayelipa mwishoni ni mama anayenunua kilo moja. Wenye kamyo, mashofere na viongozi wa wahamishwa wanaweza kusaidiana kuyatunza.

Kwanza, daftari. Kwa kila kamyo andikeni lita zilizotiwa, kilomita zilizotembewa na uzito wa mzigo. Kama ilitumia lita 40 kwa kilomita 100, na sasa inatumia 50 kwa njia ileile na mzigo uleule, kuna sababu: chujio la hewa limejaa vumbi, breki zinashika, ao mazutu yanaibiwa. Bila daftari, shofere atasingiziwa bure na ugomvi utaanza.

Pili, pine. Yenye upepo mdogo hula mazutu zaidi na hupasuka upesi. Ipimwe asubuhi, ingali baridi.

Tatu, injini. Kamyo kubwa iliyosimama huku injini inawaka inaweza kuchoma lita 3 kwa saa. Kamyo 5 zikingoja kushusha mizigo kwa saa 4, lita 60 zimepotea. Shofere azime injini. Nanyi viongozi, orodha za familia na wabebaji viwe tayari kabla kamyo hazijafika.

Nne, kurudi tupu. Mwenye mzigo hulipia safari mbili. Vijiji vya njiani vikikusanya viazi ao ndizi pahali pamoja siku moja, gharama inagawanywa, na wakulima wa makabila mbalimbali wanapata sababu ya kukutana.

Kuna gharama isiyotengenezwa garajini. Shirika la utafiti IPIS la Ubelgiji, katika ripoti ya mwaka 2017, lilihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Pesa zinazolipwa pale huongezwa kwenye bei ya chakula, na sehemu yake hulisha makundi yenye silaha. Shofere peke yake hawezi kuviondoa. Baada ya safari, aeleze ofisini tarehe, mahali na kiasi alicholipa. Maandishi hayo yasibebwe garini kamwe. Machifu, wafanyabiashara na wahamishwa wakienda pamoja kwa wakuu na hesabu hiyo mkononi, watakuwa na jambo la kuonyesha, si malalamiko tu.