Nyumba ya Vyumba 52 Isiyo na Mama

Akina mama wenzetu, huku kwetu Shinyanga na Geita tunazijua nyumba za fedha ya ghafla. Baba anapata dhahabu, analeta bati na vigae, anapandisha vyumba sita. Mama anaonyeshwa nyumba siku ya kuhamia. Ndipo anaona jiko halina pa kutolea moshi, na choo kimechimbwa jirani na kisima. Sisi wauguzi tunakutana na watoto wao kliniki, wakikohoa na kuharisha. Choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Jambo hilo mama angelisema mapema, kama angeulizwa.

Huko Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, lipo jumba la Lord Egerton. Maurice Egerton alikuwa Mwingereza wa ukoo wa kitajiri. Kwao, Tatton Park, palikuwa na jumba kubwa la mawe katikati ya bustani. Mabwana wa Uingereza walijenga majumba hayo mashambani, juu ya ardhi yao wenyewe, na kodi za wakulima waliopanga ardhi hiyo ndizo zilizoyatunza.

Naye Njoro akataka la kwake. Ujenzi ulianza mwaka 1938, ukakatizwa na Vita Kuu ya Pili, ukaisha 1954. Mawe ya kuchongwa, vyumba 52, hata ukumbi wa dansi! Masimulizi yanasema alimjengea mwanamke aliyempenda, ambaye nyumba ya kwanza aliifananisha na banda la kuku. Hata hilo jumba halikumleta, na bwana yule akawapiga marufuku wanawake wasikanyage kwake.

Hakuoa kamwe. (Dk. John Williamson wetu wa Mwadui, aliyegundua almasi mwaka 1940, naye hakuoa, na wote wawili walifariki mwaka 1958.) Egerton hakuacha mrithi, cheo cha ukoo kikakoma, na Tatton Park ikaenda kwa National Trust, shirika la kuhifadhi mali za kale Uingereza.

Tumtendee haki: mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo Njoro. Leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, nacho ndicho kinachotunza jumba lile. Wasichana wanasoma hapo, na maharusi huenda kupigia picha kwenye ngazi zake.