Atomu Zisizokubaliana

Wanangu, chukueni penseli mchore mstari mmoja. Ule weusi unaobaki kwenye karatasi ni grafiti, na grafiti ni kaboni iliyopangwa matabaka kwa matabaka, kila tabaka likiwa na unene wa atomu moja tu. Ndani ya tabaka, atomu zimeungana kwa nguvu kubwa na kuunda pembesita zilizopakana. Baina ya tabaka na tabaka muungano ni hafifu. Shikeni neno hilo, pembesita, tutalihitaji.

Msuguano umechunguzwa tangu zamani. Leonardo da Vinci aliuandika kwenye madaftari yake zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons akaeleza kanuni: mzigo ukiwa mzito maradufu, msuguano nao huwa maradufu. Kanuni hiyo inatufaa hadi leo tunapoburuta meza, ila haisemi kunatokea nini kule chini kabisa, atomu inapopita juu ya atomu.

Pengine mnadhani dawa ya msuguano ni kupiga msasa mpaka kitu kiwe laini. Hapana! Vipande viwili vya metali moja, vikiwa safi na bapa kabisa, vikigusana mahali pasipo na hewa, huweza kuungana vikawa kitu kimoja. Ulaini peke yake hautoshi.

Basi mwaka 1990 wanasayansi wawili wa Japani, Motohisa Hirano na Kazumasa Shinjo, wakapiga hesabu ya atomu za uso mmoja zinapoteleza juu ya za uso mwingine. Ili kuwaelewa, wekeni trei ya mayai juu ya nyingine. Zikikaa sawasawa, matuta ya moja huzama kwenye mashimo ya mwenzake, na kuisukuma ya juu ni kazi. Igeuzeni kidogo: matuta hayapati mashimo yake, yanakaa juu juu, na trei inateleza. Nyuso za fuwele nazo zina matuta na mashimo, yaliyoumbwa na atomu zenyewe. Zisipolingana, atomu moja inapopanda, jirani yake anashuka. Mmoja anavuta nyuma, mwingine anasukuma mbele, na nguvu zao zinafutana karibu zote.

Hesabu ni hesabu; nani angeonyesha kwa macho? Mwaka 2004 huko Leiden, Uholanzi, Martin Dienwiebel, Joost Frenken na wenzao waliburuta ncha ndogo mno ya tungsteni juu ya grafiti. Na hapa ndipo ninapopapenda: kipande kidogo cha grafiti, chenye atomu kama 100 hivi, kilikuwa kimebanduka na kunata kwenye ncha. Kwa hiyo grafiti ilikuwa inateleza juu ya grafiti. Wakawa wanaizungusha ile ya chini na kupima kila pembe. Msuguano ukapanda, ukashuka, ukapanda tena baada ya nyuzi 60. Kwa nini 60? Kwa sababu pembesita ukiizungusha nyuzi 60 inajirudia ilivyokuwa, na matuta yanayapata mashimo yake. Katikati ya pembe hizo msuguano ulipungua mno hata chombo chao kikawa hakiuoni kwa urahisi, wala hakukuwa na tone la mafuta.

Tatizo lilibaki moja. Kipande kidogo kilicho huru hupenda kujigeuza chenyewe mpaka matuta yazame tena, na utelezi unakwisha. Mwaka 2018 watafiti walionyesha njia ya kulikwepa: badala ya grafiti juu ya grafiti, waliweka grafiti juu ya boroni naitraidi. Hii nayo ina pembesita, lakini ni kubwa zaidi kwa karibu asilimia 2, hivyo hata uzilinganishe kwa pembe gani, hazikubaliani kikamilifu. Vipande walivyotumia vilikuwa vya mikrometa chache tu, vyembamba kuliko unywele. Kuvikuza ni kazi ngumu, maana kingo zake hushika, na chembe moja ya uchafu ikiingia katikati huweza kuharibu utelezi wote.