KWA NINI NGOZI, KIFUA NA TUMBO HUSHIKWA PAMOJA?



Huenda umewahi kuona mtu aliyeumwa na nyuki au aliyemeza dawa fulani, na baada ya dakika chache mwili ukamwasha na kumvimba, akaanza kukohoa na kutapika. Wengine husema ni magonjwa matatu, wengine husema amerogwa. Kumbe ni jambo moja, nalo hutokana na chembe hai ndogo sana zinazoitwa seli masti.

Seli masti ni nini?

Ni walinzi wa mwili. Aliyezipa jina ni Paul Ehrlich, wakati akiwa mwanafunzi wa udaktari nchini Ujerumani, mwaka 1878. Huonekana kwa hadubini tu. Ndani yake zimejaa punje zenye kemikali, na mojawapo ni histamini. Zikigundua adui, kama vile minyoo au sumu ya mdudu, humwaga kemikali hizo. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvuja maji, mahali hapo pakavimba na kuwasha.

Zinajuaje pa kwenda?

Seli masti huzaliwa katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Hutoka zikiwa changa, husafiri katika damu, kisha huingia katika ngozi, njia ya hewa na utumbo, na hukomaa huko huko. Sehemu hizo ndizo milango ambayo maadui huingilia mwilini.

Zinazoonyeshwa njia na protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji, ambazo hutengenezwa na chembe za sehemu hizo. Kilicho muhimu zaidi ni kichocheo cha seli-shina. Fikiria unapita kati ya nyumba jioni na mtu anakaanga mandazi. Kadiri unavyokaribia, harufu inazidi, nawe unaujua mlango bila kuuliza. Seli masti nayo ina vipokezi vinavyoitwa KIT. Upande unaonasa kichocheo kwa wingi ndio unaotangulia, na chembe nzima huvutwa kuelekea huko.

Kichocheo hicho pia huziwezesha kuishi. Panya wa maabara waliozaliwa na kasoro katika kichocheo hicho karibu hawana seli masti kabisa. Penye kidonda au minyoo, wito huongezeka na walinzi wengi zaidi hufika.

Hatari iko wapi?

Kwa mtu mwenye mzio (aleji), walinzi hukosea. Huona karanga, samaki au dawa kuwa ni adui. Kwa kuwa wako katika milango yote, wanaweza kumwaga kemikali kila mahali kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu ngozi, kifua na tumbo hushikwa pamoja, na mtu anaweza kufa kwa muda mfupi.

Dalili za hatari:

- Midomo, ulimi au koo kuvimba, au sauti kukauka.
- Kupumua kwa shida au kifua kulia.
- Kizunguzungu, kulegea au kuzimia.
- Vipele vya kuvimba vikiambatana na kutapika au kuharisha ghafla.

Ufanye nini?

1. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini. Vidonge vya kuzuia muwasho haviwezi kuchukua nafasi yake.
2. Mnaposubiri msaada, mlaze na uinue miguu yake. Akipumua kwa shida, mwache akae. Akizimia huku anapumua, mlaze ubavu. Asisimame wala kutembea.
3. Usimpe chakula, kinywaji wala dawa ya mitishamba.
4. Mwiba wa nyuki uondoe haraka.
5. Kama ni dawa iliyomdhuru, asiimeze tena. Njoo na pakiti yake, na jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi yake ya matibabu.

Vipele vichache vinavyowasha na kupotea baada ya saa chache, bila dalili hizo, si vya kutisha. Lakini ngozi na pumzi vikishikwa pamoja, usingoje asubuhi. Waeleze na majirani zako, hasa wenye watoto.

Mhudumu wa afya ya jamii