Mkono Wako Unaweza Kuonwa na Dodgers, Lakini Cheti cha Kuzaliwa Kiko Wapi?

Kama uko sekondari pale Kiritiri na unaweza kuangusha embe la juu kabisa kwa mti na jiwe moja tu, hii stori ni yako. Kama ni bro wako mdogo ndiye hufukuza ndege kwa shamba ya mtama na hakosi, mpelekee simu asome.

Kuna wasee duniani wanalipwa mshahara kutafuta huo mkono. Wanaitwa maskauti wa beseboli. Najua unauliza, beseboli na Mbeere wapi na wapi? Kwa uwanja wa shule kuna magoli mawili na neti ya voliboli, basi. Poa, tuangalie majirani kwanza.

2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League pale Williamsport, Marekani. Wakapiga timu ya Oregon 3-2. Miaka 10 baadaye, 2022, Dodgers wa Los Angeles wakasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Pirates wa Pittsburgh nao wakamchukua David Matoma. Wote watatu ni warushaji. Sio wapigaji, sio wakimbiaji. Ni mikono ilitafutwa.

Sasa skauti huangalia nini? Hapa ndio watu hupotea, juu tumezoea kandanda, mwenye kufunga ndiye huonekana. Skauti wa beseboli anaweza kukuona ukipoteza mechi na bado aandike jina lako. Hanunui mechi ya leo. Anakupa alama kati ya 20 na 80, na 50 ni ya mchezaji wa kawaida wa ligi kuu ya Marekani, MLB. Na kila kitu kinapata alama mbili: ya sasa na ya vile anadhani utakuwa. Kijana anaweza andikiwa 30 leo na 60 ya kesho, na hiyo 60 ndio hutoa mkwanja.

Ndio maana atacheki mabega yako kama ni mapana, vidole kama ni virefu, na usishangae akimwangalia mathe na mzae wako urefu. Anajaribu kuona mwili wako ukiwa na miaka 22.

Halafu anatoa rada, kama ile karao wa trafiki huelekezea magari. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira una gramu kati ya 142 na 149, uzito wa embe dogo hivi. Kwa MLB mipira ya kasi hucheza kama kilomita 150 kwa saa. Hata ile matatu ya Embu-Kiritiri dere akiwa amechelewa haifiki hapo. Ukiwa na miaka 16 na unagusa 137, skauti ataomba kuongea na wazazi.

Na si lazima uwe umewahi shika mpira wao. 2008 kule India walifanya shindano la kurusha, na vijana wawili wa mkuki, Rinku Singh na Dinesh Patel, wakasainiwa na Pirates. Wote hawakufika MLB, nisikudanganye, juu kurusha kwa nguvu na kurusha mahali unataka ni vitu viwili. Lakini ukikumbuka Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 pale Beijing 2015 na akawa bingwa wa dunia, huwezi niambia Kenya haina mikono.

Shida yetu iko kwa karatasi.

Klabu za MLB huanza kusaini vijana wa nje wakiwa na miaka 16. Hapo kila mwaka ni pesa. Wa 16 na wa 19 wakirusha kasi moja, wa 16 ndiye ghali, juu bado anakua. So watu hudanganya umri, na klabu zishachomeka. Kulikuwa na mrushaji wa Cleveland akiitwa Fausto Carmona. Januari 2012 akashikwa Santo Domingo, ikajulikana jina lake la ukweli ni Roberto Hernández na alikuwa amejipunguzia miaka mitatu. Tangu stori kama hizo, hakuna mtu anaamini mdomo wako.

Na si wakora peke yao huumia. 2011, mwaka mmoja kabla ya Lugazi, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu kwenda Williamsport. Marekani ikawanyima viza juu ya utata wa umri kwa stakabadhi. Watoto wakabaki nyumbani. Timu ya Langley, Kanada, ambayo walikuwa wacheze nayo, ikafunga safari hadi Uganda Januari 2012 ndio hiyo mechi ichezwe. Uganda ikashinda 2-1. Hebu fikiria hiyo uchungu: mnawapiga, na bado mlikosa kwenda.

Sasa rudi Mbeere. Ni wangapi walizaliwa nyumbani kwa shosho na cheti hakikuchukuliwa? Kadi ya kliniki inasema Mei, karatasi ya shule inasema Septemba, na jina la ubatizo halifanani na lolote. Hapa Kenya mtoto anafaa kusajiliwa kabla ya miezi 6 iishe. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, na huo una maswali mengi na safari za kwenda na kurudi. Inawezekana, lakini usingoje hadi skauti akiwa kwa geti. Bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti hiyo 60 yako ni ya kuambia wajukuu.

Kitu kingine, na mathe asikie hapa. Akitokea ajenti anataka thao 20 za majaribio au za viza, usiuze mbuzi. Usiguse hata gunia moja ya ndengu. Klabu ikikutaka yenyewe ndiyo hulipa. Hata kule Dominika, ambako kuna wasee wa kufundisha na kuuza vijana, hao hukata chao baada ya mkataba, hata asilimia 30. Ni noma, lakini angalau pesa inatoka kwa klabu, haitoki kwa zizi la mzazi.

Na mkono ulindwe. Mwongozo wa MLB kwa miaka 15 na 16 ni mirusho 95 kwa siku, mwisho, na ukifika 76 unapumzika siku nne. Kodi akikuambia urushe kila jioni ndio ukauke, mwonyeshe hii.

Dennis Kasumba wa Uganda alijulikana kwa video za simu akijifunza na matairi ya gari, na 2023 akafika Marekani kuchezea Frederick Keys. Kwa hivyo rekodi yako. Simu ikae kando, halafu nyuma, mwili wote uonekane. Pima mita 18.44 na kamba, urushe 15 mfululizo na usikate zile umekosa. Kisha kimbia mita 55 na saa ionekane. Chini ya sekunde 7 uko sawa. Taja jina la kwa cheti na tarehe ya kuzaliwa. Na usiweke wimbo, skauti anataka kusikia mpira ukigonga.