Ajali ya kichwa na damu kuvuja: Kumbuka saa ilipotokea

“Alikuwa anaongea vizuri tu, dokta. Hata chai alikunywa.”

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kwenye chumba cha wagonjwa wa dharura, na kila nikiyasikia moyo hunishtuka. Mara ya mwisho aliyasema mama mmoja aliyemleta mwanawe, dereva wa bodaboda, saa nane usiku. Kijana aligongwa na gari dogo, akaanguka na kichwa kikapiga lami. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alizimia kidogo, kisha akazinduka na kuanza kuzungumza. Wenzake wa kijiweni, kwa kuwa hawakuona jeraha kubwa, walimpeleka nyumbani.

Nyumbani alikunywa chai, akalalamika kichwa kinamuuma, akameza dawa ya maumivu na kulala. Usiku mama alisikia anakoroma kwa namna asiyoizoea. Alipomwamsha, hakuamka.

Nilimuuliza: “Mama, ajali ilitokea saa ngapi?”

Alitazamana na mwanawe mkubwa. Huyu alisema saa kumi na mbili jioni, mama akasema hapana, isha ilikuwa imeshaadhiniwa. Hakuna aliyekuwa na uhakika.

Msomaji wangu, wiki hii nataka kueleza kwa nini madaktari tunauliza saa. Ndugu wengi hudhani tunauliza ili tujaze fomu. Ukweli ni kwamba kwa majeruhi anayevuja damu, jibu la swali hilo linaweza kuamua dawa ipi apewe na ipi asipewe.

Damu inapovuja usipoiona

Mtu akikatwa na chupa mkononi, kila mmoja anaona damu na anajua la kufanya. Tatizo ni damu inayovuja ndani: tumboni, kifuani, kwenye nyonga, au ndani ya fuvu.

Fuvu ni mfupa mgumu usiotanuka. Mshipa ukipasuka humo, damu hujikusanya na kuanza kuusukuma ubongo. Mwanzoni nafasi ndogo iliyopo hutosha, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuzungumza, kutembea, hata kucheka. Damu ikiendelea kuongezeka nafasi inakwisha, ubongo unabanwa, fahamu zinapotea, na mwishowe pumzi husimama. Kwa wengi damu hiyo huongezeka zaidi katika saa chache za mwanzo.

Hali huwa mbaya zaidi majeruhi akiumia kichwa huku akivuja damu nyingi mahali pengine. Ubongo uliojeruhiwa unahitaji damu yenye oksijeni kuliko wakati wowote. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa walioumia vibaya kichwani, kushuka kwa shinikizo la damu hata mara moja tu kuliambatana na vifo karibu mara mbili zaidi.

Dawa iliyoanzia Japani

Mwili una namna yake ya kuziba mshipa uliopasuka. Damu huganda, na donge hilo hushikiliwa na nyuzi nyembamba sana. Lakini mwili pia una kimeng’enya kiitwacho plasmini, ambacho kazi yake ni kuzikata nyuzi hizo kidonda kikishapona. Baada ya ajali kubwa, kimeng’enya hicho mara nyingi huanza kazi mapema mno. Ni kama fundi anaziba bomba lililotoboka huku mwenzake anabandua kiraka kabla gundi haijakauka.

Mwaka 1962 watafiti wawili wa Japani, Utako Okamoto na mumewe Shosuke Okamoto, walichapisha matokeo ya dawa inayomzuia huyo anayebandua. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Utako, aliyekuwa daktari kama mimi, alitaka dawa ya kuwasaidia akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Aliwaomba madaktari wa uzazi waijaribu kwa wagonjwa wao, lakini hakufanikiwa kuwashawishi.

Kwa miaka mingi dawa hiyo ilitumika zaidi kupunguza damu wakati wa upasuaji, baada ya kung’olewa jino, na kwa wanawake wenye hedhi nyingi. Huenda nawe umewahi kuandikiwa vidonge vyake.

Majaribio yalionyesha nini

Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Chuo cha London cha Usafi na Tiba za Kitropiki walitoa matokeo ya jaribio lililoitwa CRASH-2. Majeruhi zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa dawa hii kwa mshipa, nusu walipewa maji ya chumvi. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepata nini.

Kwa kila majeruhi 1,000 waliopewa maji ya chumvi, 160 walifariki. Waliopewa dawa, walifariki 145. Unaweza kuona ni tofauti ndogo, lakini hao 15 ni watu waliorudi nyumbani kwao, na dawa yenyewe si ya bei kubwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Watafiti walipochambua zaidi waligundua jambo kubwa kuliko hilo. Waliopewa dawa ndani ya muda wa saa tatu tangu ajali walinufaika, na waliopewa ndani ya saa moja walinufaika zaidi. Waliopewa baada ya saa tatu kupita hawakunufaika, bali vifo vya kuvuja damu viliongezeka. Dawa ileile, kipimo kilekile, tofauti ni saa.

Mwaka 2017 ndoto ya Utako ikatimia pia. Jaribio la WOMAN, lililohusisha wanawake zaidi ya 20,000 waliovuja damu baada ya kujifungua, lilionyesha dawa inapunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Uchambuzi uliofuata ulikadiria kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10.

Na kichwa je? Jaribio la CRASH-3 la mwaka 2019 liliangalia majeruhi wa ubongo zaidi ya 12,000 katika nchi 29. Hapa lazima niwe mkweli. Kwa wagonjwa wote waliotibiwa ndani ya saa tatu, tofauti ilikuwa ndogo na haikufikia kiwango cha uhakika. Lakini kwa wale walioumia kwa kiasi kidogo au cha kati, vifo vilivyotokana na jeraha la kichwa vilikuwa asilimia 5.8 kwa waliopata dawa na asilimia 7.5 kwa wasioipata. Kwa waliofika na hali mbaya sana, karibu hapakuwa na tofauti.

Maana yake ni kwamba dawa hii haitengenezi ubongo ulioharibika. Inasaidia kuzuia damu isiendelee kuongezeka kabla haijaharibu zaidi. Anayenufaika ni yule anayefika mapema, yaani yule ambaye bado “anaongea vizuri tu”.

Sindano nilizochoma mwenyewe

Huenda unajiuliza kwa nini madaktari wasubiri majaribio makubwa kiasi hicho wakati watu wanakufa. Nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Nilipokuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali ambayo sitaitaja, majeruhi wa kichwa walikuwa wakichomwa sindano za steroidi. Ilielezwa kuwa zinapunguza uvimbe wa ubongo, na maelezo yaliingia akilini. Waliotangulia walifanya hivyo kwa miaka mingi, nasi tukafuata. Nilizichoma kwa mkono wangu.

Baadaye ndipo nilisoma kuwa mwaka 2004, kabla sijamaliza masomo, jaribio la kwanza la CRASH lilikuwa limeshachapishwa. Lilisimamishwa mapema baada ya kuandikisha wagonjwa 10,008. Kwa kila 1,000 waliopewa maji yasiyo na dawa, 179 walifariki ndani ya wiki mbili. Kwa waliopewa steroidi, walifariki 211. Dawa tuliyoiona msaada ilikuwa inaua.

Sijui ni yupi kati ya wagonjwa wangu wa wakati ule angepona. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, mtu akiniambia dawa “inafanya kazi”, namuuliza ilipimwaje. Nanyi wasomaji msione haya kutuuliza hivyo.

Wewe ufanye nini

Usikimbilie duka la dawa kununua traneksamiki uiweke nyumbani. Vidonge havifai kwa kazi hii, na sindano lazima itolewe na mtaalamu baada ya kumpima mgonjwa na kujua saa. Kazi yako ni kuokoa muda.

Kwanza, tazama saa. Ajali inapotokea, andika kwenye simu yako saa na dakika, na umwambie anayemsindikiza majeruhi.

Pili, damu inayoonekana izuie kwa kugandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kitu kilichochoma mwilini usikichomoe.

Tatu, majeruhi asibebwe kwa kukunjwa kama gunia. Shingo na mgongo vibaki vimenyooka. Akiwa hana fahamu lakini anapumua, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja alale ubavu ili matapishi yasimzibe koo.

Nne, usimpe chai, maji, soda wala chakula. Anaweza kutapika na kupaliwa, na anaweza kuhitaji upasuaji. Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Tano, kila aliyezimia hata kwa dakika moja baada ya kugonga kichwa apelekwe hospitali. Dalili za hatari ni maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, degedege, udhaifu wa upande mmoja, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, na damu au majimaji kutoka puani au masikioni.

Sita, usipoteze muda ukitafuta PF3 kwanza. Mwahishe majeruhi hospitali, mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, fomu itafuata.

Mwisho, dawa hii hairudishi damu iliyokwisha kumwagika. Hiyo hutoka kwa mtu mwenye afya aliyejitolea. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne.

Yule kijana hatukumpa traneksamiki, kwa sababu hata tungekubali saa aliyoitaja mama, muda ulikuwa umeshapita. Kipimo cha CT-Scan kilionyesha damu nyingi upande wa kushoto wa ubongo, na alfajiri alifanyiwa upasuaji. Alipona, lakini mkono wake wa kulia hauna nguvu na maneno yanamtoka kwa shida. Pikipiki sasa anaiendesha mdogo wake.

Alipokuja kliniki mara ya mwisho, mama aliniuliza kama wangemleta jioni ileile ingekuwaje. Nilimwambia siwezi kuapa, lakini nafasi yake ingekuwa kubwa zaidi. Akanyamaza, kisha akasema, “Waambie na wengine, mwanangu.”

Ndiyo maana nimeandika.